Ukurasa Nilioufunga

Chemchemi ya kwetu, huku nyuma ya soko la Ikonge, ilianza kukauka miezi michache baada ya mimi kuchimba kisima cha mashine mlimani, juu yake. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Niseme ukweli: nilikataa kuyaunganisha.

Mimi ni mwalimu. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba ukisoma jambo mtandaoni, uliza kwanza nani aliandika, lini, na kuhusu mahali gani. Wanawake walipoanza kunung'unika, niliketi na simu nikatafuta. Ukurasa wa kwanza uliandikwa na wataalamu wa maji, majina yao yote yapo. Ulisema kisima kirefu kinaweza kuinyima maji chemchemi iliyo bondeni, kwa hiyo kabla ya kulaumu miti, angalieni nani amechimba. Niliufunga. Wa pili haukuwa na mwandishi wala tarehe, na chini yake waliuza miche ya mianzi. Ulisema mkaratusi ni mwizi wa maji. Huo niliuhifadhi.

Mikaratusi ya pale chemchemi ilikuwa ya mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba. Mumewe ndiye aliyeipanda. Yeye aliingoja ikomae ajengee nyumba, maana aliyokuwa akilala ilikuwa ikivuja. Kwenye baraza la chifu niliusoma ukurasa ule kwa sauti, nikiutafsiri kwa Ekegusii, lugha yetu, sentensi baada ya sentensi. Mama mdogo aliuliza mbona miti imekuwepo miaka hii yote na maji hayakupotea.

"Mama mdogo," nilimjibu, "hiyo ni sayansi. Wewe hutaielewa."

Watu walicheka. Nami nilifurahi, sitaficha.

Miti ilikatwa wiki hiyo hiyo. Ilikuwa bado myembamba, haifai kwa ujenzi, ikaishia kuwa kuni za kiwanda cha majani chai. Chemchemi haikurudi.

Siku hizi mama mdogo huja kwangu kila asubuhi na mtungi wake kuchota kwenye bomba langu. Juzi alifika amejifunga kanga iliyolowa, paa lake limemshinda kabisa. Alijaza mtungi, akafunga bomba vizuri lisidondoshe maji.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Kama hungechimba hiki kisima, sisi tungekunywa nini?"

Nilimtwisha mtungi, nikamwambia aje tena kesho.