Silika ya Waceke

Watu wa Olympic, mtaa wetu hapa Kibera, wanasema Katunge ana roho mbaya. Mimi jirani yake nasema ingekuwa mbaya zaidi ningefurahi zaidi.

Kabla ya kura za 2007, Katunge wa Kitui alikuwa na kazi yake Kawangware. Lori lilimletea mapipa ya maji yaliyobaki kwenye visima vya mvuke vya Naivasha, vile vya kuzalishia umeme. Aliyatia chokaa, silika, yale madini meupe yaliyoyeyuka humo, ikatuama chini, laini kama uji wa mtoto. Akaikausha, akaisaga, na kiwanda cha rangi kikainunua. Waceke, mwenye ploti walikopanga, alichungulia kila hatua dirishani. Ila Jumapili alikuwa kanisani, na Jumapili ndiyo siku Katunge alipouosha ule uji kwa maji safi, tena na tena, hadi chumvi ya maji ya visima ikaisha.

Januari, katika ghasia za kura, vijana wenye panga waliingia wakiuliza Wajaluo wanalala wapi. Waceke akawaonyesha mlango wa Obiero, mume wa Katunge na baba wa binti yao Aoko. Obiero aliponea chupuchupu, lakini mkono wake wa kulia ulibaki Kawangware. Walikimbilia kwetu Kibera na nguo za mwilini tu. Waceke akachukua mapipa, karai, na kazi yenyewe.

Viongozi walipopeana mikono na ghasia zikatulia, Waceke naye akatuletea mkate. Alikuwa amekonda, nikafurahi.

"Mama Aoko, nisaidie," alimwambia Katunge. "Rangi ya kiwanda inatoa chumvi ukutani, wamenirudishia magunia yote. Na nimeweka ploti rehani nikanunua mashine. Nakosea wapi?"

"Mama Valerie, kwanza mwambie Baba Aoko uliwaambia nini wale vijana," Katunge akamjibu Waceke.

Waceke akatazama sakafu. "Niliwaambia mlango wa buluu. Nikawaambia yuko ndani, asiwadanganye."

Obiero akajifuta uso kwa mkono uliobaki.

"Mwambie siri yako, Katunge, aende zake. Hayo yameisha."

"Kwako yameisha," Katunge akasema. Halafu akamshika Waceke bega, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. "Hukosei sana, mama. Chokaa yako ni kidogo. Ongeza, usiogope, ongeza mara tatu."

Mimi nilikuwa hapo, na siri ya Jumapili naijua. Nikamwongezea mgeni chai.

Waceke alitushukuru huku akilia, na kesho yake akakopa tena kununua chokaa.