Baba Kati ya Lost na Missing

Baba alipochukuliwa, enzi za utawala wa kijeshi, nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya Mengo. Yeye alikuwa fundi cherehani Old Kampala, Mjaluo wa Kisumu aliyehamia Uganda tangu ujana wake. Wanaume wawili walimtoa dukani mchana kweupe, wakasema wana maswali machache. Maswali gani hayo yasiyokwisha mpaka leo?

Miezi ikapita. Siku moja mwalimu mkuu akanipa pole kwa Kiingereza: "Sorry you lost your father." Nikamjibu kwa ukali kwamba baba yangu ni missing. Masikini, hakuwa na ubaya. Lakini nilikuwa nimetoka darasani kufundisha maneno hayo hayo. Niliwaeleza watoto kuwa lost hutokana na kitendo chenye mtendaji: I lost my pen. Missing haimtaji mtu. Kalamu ni missing tu, na hakuna wa kuulizwa. Tena mwanamke akisema I lost my husband, Mwingereza anajua kuna msiba. Akisema mumewe ni missing, ataulizwa wamemtafuta wapi. Nilipotaka mifano, mtoto wa polisi mmoja wa kaskazini, watu waliosakwa sana wakati huo, akasimama: "My father is missing." Wenzake wawili wakarudia sentensi ileile. Nikashindwa kuendelea na somo.

Kisha baba mdogo akaja kutoka Kisumu na tunda la mwegea, refu na zito, limefungwa kwenye gunia. Kwetu Wajaluo, maiti isipopatikana, tunda hilo huzikwa badala yake, watu wakalia, matanga yakaanuliwa. Mama alikasirika.

"Shemeji, wewe unataka kuzika matunda? Na yeye akirudi akute kaburi yake?"

"Tumengoja, shemeji," baba mdogo akasema. "Hata sisi tunataka kulia."

Mimi nilikuwa nimechoka kungoja, na kuchoka huko kuliniuma kuliko ukali wa mama.

Asubuhi mama akatoa shati jeupe ambalo baba alijishonea mwenyewe, akalipiga pasi. Akaomba apewe tunda. Akalivika shati, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Shati lilipwaya. Akalipakata tunda.

"Umekonda hivi, baba watoto," akaliambia.