Mzee Ameruhusiwa

Wiki iliyopita, msomaji wangu, niliingia kwenye nyumba ya msiba nikitabasamu. Asubuhi hiyo nilikuwa Kilwa Masoko, nimemsimamia fundi anayenitengenezea mlango, ukaingia ujumbe wa simu kutoka kwa muuguzi mmoja binti. Huyu binti alikuwa akimwangalia wodini rafiki yangu mmoja, mzee wa rika la baba yangu, aliyelazwa siku kadhaa kwa matatizo ya kifua. Ujumbe ulisema: "Shikamoo mjomba. Mzee ameruhusiwa leo asubuhi. Njoo nyumbani kwake." Nikasema alhamdulillah kwa sauti, hata fundi akaacha randa akaniuliza kuna heri gani. Nikanunua mfuko mzima wa machungwa, nikapanda gari la Kivinje, na njia nzima nikawa napanga utani wa kumpokea nao. Nilipokata kona ya mtaa wao nikakuta mikeka imetandikwa nje, wanaume wamekaa kimya. Mtu mmoja akanipokea mfuko wangu na kuniambia, "Pole sana. Tunazika baada ya adhuhuri." Ilibidi arudie mara mbili ndipo nikaelewa.

Nakiri kwamba nilimkasirikia sana yule binti. Kila aliyewahi kuuguza analijua neno hilo, ameruhusiwa. Mgonjwa amepata nafuu, daktari ameandika, kusanyeni chupa ya chai na kanga mrudi nyumbani. Hakuna neno tamu kulishinda wodini. Sasa mtu mwenye akili zake, tena muuguzi, alilitumiaje kutangaza kifo? Ili nikujibu inabidi nikueleze marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na siwezi kufanya hivyo bila kukueleza habari za mchezo mmoja ambao yeye na mimi hatukuwahi kuuona ukichezwa kwa macho yetu.

Alikuwa muuguzi wa zamani, wa zile enzi za sare nyeupe zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kupanga ratiba ya zamu: nani aingie asubuhi, nani apumzike, nani asikae wodi moja na nani kwa sababu hawasemezani. Alipostaafu alipata shida ambayo wastaafu wengi huificha, maana hakuwa na mtu wa kumpanga. Chumba chake cha uani alikuwa amempangisha fundi mitambo mmoja mgeni aliyekuwa akienda na kurudi Songo Songo kwenye gesi, na yule mgeni alipomaliza mkataba wake alimwachia kompyuta ndogo kama zawadi. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa besiboli. Usidhani ni mchezo wa kurusha na kukimbia kwa kubonyezabonyeza. Humo unakuwa meneja. Una timu kubwa moja juu, na chini yake timu nyingine nne za madaraja madogo, zimejaa vijana wanaotafuta kupanda. Kazi yako ni kuamua nani apande, nani ashuke, nani apumzishwe bega, nani aachwe. Mzee alipoona yale majina yamepangwa safu kwa safu akaniambia, "Mwanangu, hii si ndiyo ratiba ya zamu hii?" Kuhusu besiboli yenyewe aliridhika na maelezo yangu kwamba ni rede, ule mchezo wa watoto wa kukwepa mpira, iliyoongezewa gongo la kupigia.

Wanaocheza michezo ya aina hiyo, nimeambiwa, huhangaika na timu kubwa ili wachukue kombe. Mzee wangu timu kubwa aliiachia kompyuta ijiendeshe. "Ile ina watu wa kuitazama," alisema. Yeye alikaa na zile nne za chini, hasa ya chini kabisa, kila siku baada ya chai ya saa nne, kaunta buku pembeni na kalamu sikioni. Majina ya wachezaji yalimshinda kuyatamka, kwa hiyo akawabatiza upya. Kulikuwa na Mkono Kushoto, kulikuwa na Bwana Haraka, na kulikuwa na kijana mrefu mtupaji mpira ambaye maelezo yake yalisema ametoka shamba, basi akamwita Kitomanga, jina la kijiji cha wakulima huku kwetu kusini. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari, umeandikwa kama faili la mgonjwa. Juu jina, chini yake neno moja, "Anakosa," kisha nukta mbili, kisha kile anachokosa. Mmoja anakosa nguvu za mguu. Mwingine anakosa utulivu. Mimi nilikuwa nikimcheka waziwazi, naye akinijibu kwamba angalau wachezaji wake hawaandiki magazetini mambo wasiyoyajua.

Kitomanga alikuwa kipenzi chake. Kijana wa watu aliumia bega, akakaa nje msimu mzima, na mzee akawa anamfuatilia siku hata siku kama anavyofuatilia homa. Siku bega lilipopona, mzee akatafuta kitufe cha kumtoa kwenye orodha ya wagonjwa. Akaona kitufe chenye neno la Kiingereza ambalo kamusi yake ililifasiri kuwa ni kuachilia, kuruhusu aende. Akafurahi. Mgonjwa amepona, aruhusiwe. Akabonyeza, na kompyuta ilipomuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena kwa mkono wa mtu aliyezoea kutia saini jambo hilo kwa miaka na miaka. Kisha akanipigia simu. "Nimemruhusu Kitomanga, mbona simwoni kwenye timu?" Nikaenda, nikasoma, nikamwambia, "Mzee, hukumruhusu. Umemfukuza kazi." Akaifunika kompyuta. Halafu akasema kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, "Lugha gani hiyo, kumruhusu mtu na kumtupa likawa neno moja?" Hakuigusa kompyuta siku tatu, na mimi nikaenda kuisimulia kwenye vijiwe vyote kama kichekesho.

Sasa tuje kwa yule binti. Wakati huo hakuwa muuguzi. Alikuwa akijitolea kwenye zahanati moja ya huku kwetu, anafagia, anabeba maji, anawashika mkono akina mama waliokuja kujifungua. Mtihani wa kidato cha nne alikuwa ameufanya mara mbili na kukwama mara mbili, na bila ufaulu ule hakuna chuo cha uuguzi ambacho kingempokea. Kisha zahanati ikapata watumishi wapya wa ajira, wanaojitolea wakaambiwa kwa adabu kabisa kwamba wanashukuriwa na wanaruhusiwa kwenda kutafuta mambo mengine. Binti akaja barazani kwa mzee, ambaye alimjua tangu mtoto, akalia. Nilikuwepo. Nami, kwa busara zangu za kalamu, nikamwambia ukweli niliouona. Nikasema, "Mwanangu, umejaribu vya kutosha. Kubali yaishe. Kauze vitenge, kaolewe, uuguzi hukuandikiwa."

Mzee aliifungua ile kompyuta, akabonyeza huku na kule, akaigeuza upande wetu. Alikuwa amemtafuta Kitomanga, na alikuwa amempata. Timu nyingine ilimwokota, na sasa alikuwa akirusha kwenye timu yao kubwa, ya juu kabisa, na anarusha vizuri hasa. Mzee akatuachia tutazame. "Huyu nilikuwa naye mkononi," akasema. "Hakukosa kitu isipokuwa mtu wa kuuliza maana ya neno kabla ya kubonyeza." Kisha akafungua ukurasa mpya wa daftari, katikati ya Mkono Kushoto na Bwana Haraka, akaandika: Binti wa Zahanati. Akamtazama. "Haya, mama, unakosa nini?" Binti akafuta macho. "Baiolojia, babu. Na hesabu." "Basi. Hilo ndilo nililotaka kujua. Kumbe hukosi uuguzi, unakosa baiolojia." Akaandika. Mimi nikaona aibu, nikaaga mapema.

Kwa miezi mingi baada ya hapo, kila alasiri binti alikuwa barazani. Mzee alimfundisha mishipa ya damu kwa kidole juu ya mkono wake mwenyewe uliokonda, na hesabu wakajifunza kwa wastani wa wapigaji wa besiboli, jambo ambalo sidhani limewahi kutokea kwingineko Kilwa. Mara ya tatu binti akafaulu. Akaenda chuo, akarudi na cheti, akaajiriwa. Ndiye aliyempokea mzee wodini siku alipoletwa akihema, na ndiye aliyempangia mto. Nimeishi miaka mingi nikisikia tunavyoambiana maofisini na majumbani kwamba fulani hafai, fulani ameshindwa, na mimi mwenyewe nimeyasema hayo humu kwenye safu hii nikajiona nimesema kweli. Mara nyingi tulikuwa hatujui anayeachwa anakosa nini, wala hatukuuliza. Tulibonyeza tu.

Baada ya maziko nilimtafuta binti. Nilitaka kumsema. "Kwa nini uliniandikia vile? Nimekuja na machungwa msibani!" Akaniinamishia kichwa, macho mekundu. "Nisamehe, mjomba. Mwenyewe aliniagiza. Aliniambia, 'Nikiondoka, yule mwandishi mwambie nimeruhusiwa. Atakuja akicheka, na mimi nataka angalau mtu mmoja aje akicheka.'" Nikacheka, wallahi, palepale, na machozi yakanitoka kwa pamoja. Yale machungwa yalikuwa yamekwisha kumenywa na kugawiwa watoto wa majirani.

Kompyuta amemwachia binti, na binti ameniambia ile timu ya chini kabisa haijamwacha mchezaji hata mmoja tangu Kitomanga. Mimi niliomba kulipekua daftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mzee mwenyewe, mwandiko umeshaanza kutetemeka: Anakosa pumzi. Amecheza vya kutosha. Aruhusiwe. Nikafunua nyuma, nikitafuta ule wa binti ili niuone tena, na kwenye ukurasa unaoufuata nikakuta jina nisilolitarajia, lenye tarehe ya siku ileile niliyoaga mapema kwa aibu. Mwandishi, limeandikwa. Anakosa: subira. Na chini yake, kwa wino ulioshindiliwa: Asiachwe.