Mama Vibanio na mita tisini zilizoning'inia kinyume

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Maduka bado yamefungwa, na mwanamke wa miaka arobaini na saba amepiga magoti kando ya barabara, mkono umezama kwenye mfereji mpaka kiwiko. Anautoa na kitu cheupe cha plastiki, kidogo kama jino la mtoto. Anakipuliza, anakifuta kwenye suruali, anakitia mfukoni.

"Hiki jana kilinitoroka," anasema. "Kilidhani nitasahau."

Ni kibanio, kile kidude kinachoshika taa za mapambo kwenye ukingo wa paa bila kupigilia msumari. Mita moja ya paa inakula vibanio vitatu, na yeye hajawahi kukubali kupoteza hata kimoja. Ndiyo maana mtaa mzima, kuanzia mlinzi wa benki hadi muuza magazeti, unamwita Mama Vibanio. Jina lake halisi analijua mumewe na kadi ya kliniki.

Kazi yake ni kuvalisha majengo ya biashara taa za sikukuu kila mwisho wa mwaka: mahoteli, maduka, ofisi za bima. Huu ni mwaka wake wa kumi na nne. Msimu wenyewe ni wiki nane tu, na wiki hizo nane ndizo zinazobeba zile nyingine zote.

Leo ana jengo moja, lakini ndilo jengo. Ghorofa mbili, maduka ishirini na mawili, mtaa wa pili kutoka baharini. Nusu ya mapato ya msimu wake yanatoka hapa. Mwaka jana, siku ya pili tu baada ya taa kuwashwa, chumvi ya upepo wa bahari iliingia kwenye kiungio kimoja, na nusu ya mbele ya jengo ikazimika wateja wakitazama.

Meneja wa jengo hakupiga kelele. Alimwita pembeni akamwambia atampa nafasi moja zaidi: siku ya majaribio, ifikapo saa nane mchana, ngazi ziwe zimeondoka njiani na taa zote ziwe zinawaka. Ikikosekana hata moja, atatafuta watu wengine.

"Angenitukana ningelala usingizi," Mama Vibanio anasema. "Anayekutukana keshamaliza. Anayekuonya kwa upole, huyo ana lake moyoni."

Siku yenyewe ndiyo leo.

Timu yake ni watu watatu pamoja na yeye. Yupo wifi yake, dada wa mumewe, mwembamba, mwepesi, anayepanda ngazi huku akisimulia habari za watu. Na yupo mshika ngazi, aliyekuwa mpiga zege, mtu wa kilo mia moja na ushee. Wamempa jina la Nanga, kwa sababu akikanyaga mguu wa ngazi, haiendi popote.

"Mimi kazi yangu ni kuwa mzito," Nanga anasema. "Nyumbani wananilaumu kwa kula. Hapa nakula kwa ajili ya usalama wa wenzangu."

Mama Vibanio hakusomea umeme. Alikuwa mfagizi wa hoteli, na ndiye aliyekuwa akiosha vioo vya juu kwa sababu wenzake waliogopa ngazi. Mwaka mmoja mfungaji wa taa alifika peke yake, msaidizi wake akiwa mgonjwa, akauliza kama kuna mtu asiyeogopa kupanda. Wenzake wote walimwonyesha yeye kwa kidole.

"Waliniuza," anasema akicheka. "Mpaka leo nawashukuru."

Msimu ukiisha, taa zote hurudi nyumbani kwake, kwenye vyumba vitatu wanavyoishi watu saba. Huoshwa kwa maji baridi ili chumvi itoke, hukaushwa juu ya vitanda, na kila kiungio hupakwa mafuta ya mgando na kufungwa kwa nailoni. Kisha hujaribiwa balbu moja moja, pazia likiwa limeshushwa. Mama mkwe wake amekwisha kuzoea, ila hanyamazi. "Nyumba hii," huwaambia wageni, "ukikaa vibaya, unawaka."

Kuna kanuni moja ambayo watu wa kazi hii huisema kama salamu: dume nje, jike ndani. Kila kamba ya taa ina ncha mbili. Moja ina meno ya kuchomekwa kwenye umeme, wanaiita dume. Nyingine ina matundu ya kupokea kamba inayofuata, hiyo ni jike. Ukiviringisha kamba ili kuitunza, dume hubaki nje ya viringisho, ili mwakani uanzie hapohapo penye soketi.

Mwezi wa kwanza, kamba ya jengo hili ikiwa imekwisha kuoshwa na kujaribiwa, walikuwa wakiiviringisha uani mvua ikawakuta. Wifi aliviringisha haraka haraka, akafunga ncha zote mbili kwa nailoni, akakimbilia kibarazani. Jike likabaki nje, dume likaingia ndani. Na kwa kuwa kila ncha ilikuwa imefungwa vizuri kuzuia chumvi, hakuna aliyeona.

Leo asubuhi wifi ameanza kufunga kwenye pembe ya kushoto, karibu na soketi ya jengo. Amekwenda mita tisini, vibanio mia mbili na sabini, ngazi ikihamishwa kila hatua. Saa sita kasoro robo anafika pembe ya kulia na kufungua nailoni ya mwisho.

Huko juu kunakuwa kimya, na hilo pekee linatosha kumshtua Nanga.

"Wifi," sauti inashuka taratibu. "Huku nina dume."

Mama Vibanio haulizi mara mbili. Anakimbia mita tisini za kibaraza, anafungua ncha ya upande wa soketi, anakuta matundu mawili yanamkodolea macho. Anakaa chini kwenye ngazi za duka la viatu.

Kugeuza kamba nzima kunataka muda wa saa nne. Wao wana mbili. Kuvuta waya mrefu wa umeme kutoka soketini mpaka pembe ile nyingine kunataka waya wa nje usiopitisha maji wa mita tisini, nao wana wa mita kumi.

Hapo ndipo fundi umeme wa jengo anapojitokeza na ushauri wake, kijiti cha meno mdomoni. "Mnahangaika nini? Kata waya, tia dume pande zote mbili, unganisha pale penye soketi. Dakika kumi tu, mnakwenda kula."

Mama Vibanio anamfungulia kiganja cha mkono wa kulia. Katikati pana alama nyeupe, imejikunja kama ganda la karanga.

"Huu ushauri nilipewa mwaka wangu wa kwanza," anamwambia. "Ukichomeka upande mmoja, upande wa pili unabaki na meno wazi, yana umeme, yanamngoja wa kuyashika. Aliyeyashika ni mimi. Waya wako huo, kaka, ni waya wa kaburi. Bora nikose jengo."

Fundi anaondoka akinung'unika kwamba watu wengine wanapenda shida.

Wifi ameshuka. "Nifukuze tu," anasema. "Nimekuharibia."

"Nikufukuze, nani atanisimulia habari za mtaa?" Mama Vibanio anamjibu, lakini macho yake yako juu, kwenye pembe ya kulia. Kamba haina kosa. Ni umeme ulio upande usiofaa. Na pale pembeni, chini ya ukingo wa paa, pana dirisha. Penye dirisha pana chumba. Kwenye chumba, lazima pana soketi.

"Ile ni ofisi ya nani?" anauliza, ingawa anajua.

Wote wanajua. Ni ya fundi cherehani, mama mmoja wa makamo. Yeye na wifi hawasalimiani tangu mwaka jana, wifi alipopitisha ngazi ukumbini na kugusa gauni la bibi harusi lililokuwa limetundikwa lipate hewa. Gauni lilipata mstari mweusi kuanzia kifuani hadi chini. Wifi, badala ya kuomba radhi, alisema vumbi hupanguswa.

"Nenda wewe," wifi anasema.

"Gauni nililichafua mimi?"

Wifi anapanda ngazi za ndani kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mama Vibanio anamfuata kwa wasiwasi, na Nanga, kwa kukiri kwake mwenyewe, ili asikose kusikia.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi. Wa taa."

Cherehani inanyamaza. "Yule wa vumbi hupanguswa?"

"Ndiyo huyo huyo. Nimekuja kuomba radhi, dada. Nilikosea mkono, halafu nikakosea na mdomo. Na leo nimekosea tena, nimefunga taa zote kinyume. Tusipopata umeme upande wako kabla ya saa nane, wifi yangu anapoteza jengo hili kwa sababu yangu."

Nanga anatazama dari.

"Radhi yenyewe umeileta siku unayotaka soketi," fundi cherehani anasema kutoka ndani.

"Kweli. Lakini nimeileta."

Komeo linalia. Mlango unafunguka nusu. Fundi cherehani, futi ya kupimia shingoni, anamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, halafu anabaki hapohapo miguuni.

"Vua viatu," anasema.

Saa saba na nusu waya wa mita kumi unatoka dirishani na kupokea dume la mita tisini. Meneja, aliyeelezwa yote bila kufichwa neno, amekubali kwa sharti kwamba umeme uhesabiwe kwa jengo na si kwa fundi cherehani. Saa nane kasoro dakika tano ngazi zimelazwa. Mama Vibanio anamkabidhi meneja bomba la karatasi ngumu, lile linaloviringishiwa jora la kitambaa. Mchana, taa hazionekani vizuri kwa macho matupu, lakini ukitazama kupitia bomba, kila balbu inajionyesha kwenye kivuli cha paa.

Meneja anatembea kibarazani, bomba jichoni, kama nahodha. Wauza duka wametoka milangoni. Anafika katikati, anasimama.

"Moja hapa haiwaki."

Wifi anashika mkono wa Nanga. Mama Vibanio anafumba macho. Kisha kunasikika mpapatiko wa mbawa, njiwa anaruka kutoka ukingoni, na balbu aliyokuwa ameiziba inabaki ikiwaka pale pale.

"Basi," meneja anasema, akishusha bomba. "Zote zinawaka." Anataja kwamba pembe ya kulia itatiwa soketi ya nje, na kwamba ana majengo mengine mawili mtaa wa nyuma ambayo mwakani yatahitaji taa.

Nanga anaketi juu ya ngazi iliyolazwa, ambayo inalia. Wifi analia na kucheka kwa wakati mmoja. Mama Vibanio anashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mtungi kichwani.

Majengo haya matatu, pamoja na mahoteli na ofisi zake nyingine, hayawezi kuvalishwa na timu moja kwa wiki nane, na hapo ndipo ulipo mpango wake. Mwakani anataka timu mbili. Moja ataiongoza mwenyewe. Ya pili anampa wifi.

"Mimi?" wifi anauliza. "Baada ya leo?"

"Kwa sababu ya leo. Mimi nimeunguzwa mara moja, miaka kumi na nne sijarudia. Na wewe leo umeungua, ila bahati yako hukuachiwa alama."

Wifi anajifuta uso kwa kanga, anaondoka. Nanga anadhani amekwenda kunywa maji. Lakini dakika chache baadaye anaonekana mtaa wa nyuma, mbele ya jengo la kwanza kati ya yale mawili, shingo ameielekeza juu, akimsumbua mlinzi ambaye hajui hata anaulizwa nini.

"Nakuuliza, kaka. Soketi yenu ya nje iko pembe gani?"