Herufi ya Mwisho

Fundi wa kompyuta wa masjala huandika amri kwa vidole viwili, kisha huinong'ona kabla ya kubonyeza, kama mpishi anayeonja mchuzi wa wageni. Mstari mmoja tu, na jina hubadilika katika faili elfu kumi kufumba na kufumbua. Mwishoni huweka herufi moja. Bila hiyo, jina hubadilika mara moja tu katika kila mstari, na likirudiwa mbele hubaki vilevile. Juzi aliagizwa aondoe jina la karani marehemu, jirani yake wa meza kwa miaka kumi na minane, aweke la karani mpya. Aliinong'ona amri mara tatu, akabonyeza.

"Mzee wangu," mkuu wake akamuuliza jioni, "mbona marehemu bado yumo?"

"Nimesahau herufi ya mwisho, bosi," akajibu mtu asiyesahau hata nukta. "Nitaiweka kesho."