Kibla ya Jiwe la Baba

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka nafunika uso. Niko London nasoma mambo ya mawe, yaani ndani ya jiwe la kale mna chembe za chuma zilizoelekea kaskazini wakati mchanga unashikamana kuwa jiwe, zikaganda hivyo hivyo, kwa hiyo ukijua jiwe lilikaaje mlimani unaweza kujua nchi ilisogea au iligeuka vipi. Basi nikamwomba baba anitumie jiwe la kilima cha nyuma ya nyumba yetu Tanga (sayansi kisingizio, nilitaka tu nishike kitu cha kwetu), nikamwambia kabla hujaling'oa lichoree mshale na uandike unaelekea wapi.

Likafika kwa shangazi, mtaa wa Ilford hapa hapa London, limefungwa kwenye kanga ya marehemu mama, lina mshale na neno moja: kibla. Nililia mie! Nikataka kumpigia baba nihakikishe, nikaacha, nimuulize nini sasa, kibla si naijua, kila siku naswali chumbani hapa nikielekea kusini-mashariki. Nikaandika kusini-mashariki.

Siku ya kuwasilisha utafiti chuoni ukumbi umejaa, shangazi yuko mbele kashika simu ili baba aone kwa video, nami na koti la kuazima natangaza kwamba Tanga iligeuka zaidi ya robo duara. Profesa wangu akavua miwani.

"Tanga peke yake? Majirani zake walibaki wanaitazama?"

Watu wakacheka, na mimi badala ya kunyamaza nikazidi kujitetea, nikachora hadi ubaoni. Mara sauti ya baba ikatoka kwenye simu:

"Wanamcheka nini mtoto?"

"Kaka, anasema mshale wako ulielekea kusini-mashariki," shangazi akajibu.

Baba akadakia: "Mwanangu, kibla ya nyumbani ni kaskazini, huku Makka iko juu yetu. Dirisha la chumba chako linatazama huko huko. Umesahau?"

Shangazi (nani alimtuma?) akawatafsiria ukumbi mzima.

Nilirudia hesabu, jiwe la watu halikugeuka kitu. Nyumbani nimepakumbuka mpaka nikapasahau, wallahi. Siku hizi nampigia baba hata kama sina la kuuliza, na jiwe la pili nimeapa halitumwi, nitalifuata mwenyewe, baba angali yupo wa kunionyesha kibla.