Jengo la Pili Kihambani

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa machozi na mashine. Ilikuwa mashine ya kuchapia ramani, ikitumia amonia, na kila ilipofunguliwa chumba kizima kilinuka kama zizi la mbuzi lisilosafishwa tangu Pasaka. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nikidhani nitakabidhiwa kalamu ya wino. Nikakabidhiwa wembe.

"Hapa kosa halifutwi kwa raba," alisema Mchoraji Mkuu wa manispaa, mzee wa kaunda suti. "Linakwanguliwa taratibu. Ukitoboa karatasi, unachora upya nyumba nzima. Umeelewa, bwana mdogo?"

"Ndiyo, mzee."

"Na usije ukaniletea choo kinachofungukia sebuleni. Watu wanapokea wageni pale."

Wachoraji binafsi walikuwa wachache miaka hiyo, kwa hiyo ofisi yetu iliwachorea wananchi kwa ada. Mtu alileta vipimo vya kiwanja chake, nasi tukachora kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, kwa skeli ya moja kwa mia, yaani sentimeta moja ya karatasi ni mita moja ya ardhi. Kisha nakala zilianza safari ya meza kwa meza: Mipango Miji, Bwana Afya, Mhandisi, Zimamoto, hadi Kamati. Kila meza ilikuwa na muhuri wake, na kila muhuri ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kwenye semina.

Nilipoanza, saruji yenyewe ilipatikana kwa kibali. Mtu alikaa na ramani yake iliyopitishwa akisubiri mifuko ambayo haikuja. Biashara huria ilipoingia, maduka ya Himo yakajaa saruji, nondo na bati za kila rangi, na watoto wa mlimani waliokuwa Dar na Arusha wakaanza kuwajengea wazazi wao. Tulidhani shida imekwisha. Kumbe ilikuwa imehama tu, kutoka dukani kuja mezani kwetu.

Nikahamishiwa ukaguzi, chini ya Mkaguzi wa Majengo, mtu mwenye pikipiki na hasira. Kazi yangu ilikuwa kushika futi na kusoma vipimo. Tulizunguka mtaa wa Soweto, mjini Moshi, tukitafuta nyumba zinazojengwa bila kibali, na tulizipata, kwa sababu karibu zote zilikuwa hivyo. Waliposikia pikipiki, mafundi walitupa mwiko na kujifanya wanachimba magimbi. Lakini nasema wazi, wenye nyumba wale hawakuwa wakorofi. Walikuwa wamepeleka ramani, wakasubiri hadi mchanga walionunua ukaota majani. Mtu unamwandikia ilani ya kusimamisha ujenzi huku ramani yake iko ofisini kwako, chini ya chupa ya chai.

Kisha mpaka wa mji ukasogezwa, na vijiji kadhaa vya mteremkoni vikaamka vikiwa kata za manispaa. Huko ndiko nilikopelekwa, na huko ndiko nilikochoka kabisa. Watu wa kule hawana viwanja, wana vihamba. Kihamba ni shamba la ukoo: migomba, kahawa, nyumba, na wazee waliotangulia wamelala humo humo kati ya migomba. Mpaka wake ni masale, mimea ya heshima iliyopandwa na babu, na hakuna jirani anayeigusa. Sisi tukafika na fomu zinazouliza namba ya kitalu.

Mama Aikaruwa alikuwa mjane, mkulima, mzee wa kanisa. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imeoza nguzo, na wanawe walikuwa wamemwinulia kuta za tofali kando yake. Ilibaki kuezeka. Bati zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na alitaka kitu kimoja tu: kibali kitoke kabla ya masika, kwa sababu tofali zile za kuchoma zilikuwa zimejengwa kwa udongo, saruji ikiwa kwenye msingi na pembeni tu. Mvua ya siku chache ingetosha kuzilaza.

Badala ya kibali ikaja notisi ya kodi ya majengo. Wathamini, wale wanaopita kukadiria thamani ya kila jengo ili litozwe, walikuwa wamefika siku ya soko, wenyewe hawapo. Waliletwa kutoka mbali, hawakumuuliza mtu. Nyumba iliyooza wakairuka, wakaandika: jengo la kwanza, nyumba isiyokamilika. Jengo la pili, dogo, la tofali, sakafu ya vigae vyeupe, paa la bati la bluu, hali nzuri sana.

Mama alikuja nayo ofisini akiwa na khanga ya kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nisomee hapa. Hili jengo la pili ni lipi? Mimi nina nyumba inayobomoka na nyumba isiyoezekwa."

Nikasoma. Akaketi.

"Ee Ruwa, Mungu wangu! Hilo ni kaburi la mume wangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Watoto walimjengea baba yao kaburi la vigae na kulifunika kwa kibanda cha bati, kama wanavyofanya wengi mlimani wakija Desemba.

Mngedhani hapo mtu anachukua kalamu, anakata mstari mmoja, basi. Nilimpeleka kwa Mkaguzi.

"Jengo likishaingia kwenye orodha ya kodi haliondolewi hivi hivi," alisema. "Na kama lipo, kibali chake kiko wapi? Tena liko karibu mno na mpaka. Hili ni la kubomolewa. Na nyumba hatuwezi kuipitisha mpaka jengo la pili lieleweke."

"Mwanangu," Mama alimwambia, "wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa, mama. Old Moshi."

"Babako amelala wapi?"

Mkaguzi aliangalia dirisha. "Kihambani."

"Nenda kambomoe yeye kwanza, halafu uje kwangu."

Chumba kizima kiliinamia mafaili. Mkaguzi hakukasirika, nadhani aliona aibu. Akaniita pembeni. "Lichoree ramani. Liite stoo. Kamati ikipitisha, halivunjwi, na nyumba inafuata."

Nikachora. Sijawahi kuchora kwa uangalifu namna ile: msingi, nguzo, paa. Bwana Afya akairudisha. Chumba hakina dirisha wala mlango, hewa itapitaje?

"Mzee, anayekitumia hahitaji hewa," nilimwambia.

"Aisee, usinifundishe kazi. Kanuni ni dirisha."

Nikaongeza dirisha. Zimamoto wakauliza njia ya kutokea wakati wa moto. Nikaongeza mlango. Mhandisi akataka ngazi kwa sababu ya mteremko. Kila mara Mama alishuka mjini, akasimama kwenye korido ileile, akaambiwa arudi Jumatatu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa mlimani tangu asubuhi.

Stoo ikapita. Ramani ya nyumba ilipofika zamu yake, Kamati haikufikisha idadi ya wajumbe, na kikao kikaahirishwa hadi baada ya mvua.

Nilipanda mwenyewe kumpa habari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaburi lisiguswe, hilo limekwisha?"

"Limekwisha, mama. Lina kibali."

"Aika, asante, mwanangu. Basi Jumamosi naezeka."

Tangazo lilitolewa kanisani, na Jumamosi watu wakaja kwa msaragambo, kazi ya kusaidiana, wanaume juu ya mbao, wanawake kwenye sufuria za ndizi na nyama. Mchana, bati zikiwa zimeshapanda, pikipiki ikasikika. Safari hii hakuna aliyejificha. Mkaguzi alishuka na ilani mkononi, na kabla hajafungua mdomo mvua ikashuka kama imemwagwa.

"Ingia, baba, utalowa!" Mama alimwita kutoka ndani.

Alitazama huku na huku. Pakavu palikuwa mahali pawili tu, chini ya paa lile au kaburini. Akaingia chini ya paa. Wakampa kiti na bakuli, na ilani akaikalia.

Kazi ile niliiacha wenzangu walipopunguzwa nami nikiwemo. Niliweka meza yangu Himo, nikachora nyumba za wafanyabiashara, nikashuka Kahe, nikaenda Tanga, nikarudi. Sasa macho hayaoni mstari mwembamba, ingawa sitini sijafika. Vijana wanaoingia kazi hii huniuliza siri yake. Nawaambia waende kwenye nyumba kabla ya kwenda kwenye faili. Wanaitikia kwa adabu, wanarudi kwenye faili.

Mwaka jana nilipita kumsalimu Mama Aikaruwa. Kitinda mimba wake alikuwa ametoka manispaa siku hiyo, amekasirika mpaka jasho linamtoka. Alitaka kuongeza chumba. Karani alifungua kumbukumbu za vibali akamwambia kwamba katika eneo lile linatambuliwa jengo moja tu, stoo yenye dirisha na ngazi. Nyumba hawaioni.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakusimamisha kisu.

"Wamesema kweli," alisema. "Mwenye kibali hapa ni baba yako peke yake. Sisi tulio hai ndio wavamizi."